Shaba ya Lualaba na swali la wahandisi: je, Kongo inafundisha wa kutosha?

Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba na kushika nafasi ya pili duniani, nyuma ya Chile. Karibu shaba hiyo yote ilitoka katika majimbo mawili, Lualaba na Haut-Katanga. Kwa upande wa kobalti hatuna mpinzani: zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika udongo huu.

Lakini simama asubuhi mbele ya lango la kampuni yoyote kubwa karibu na Kolwezi. Utakuta vijana wenye bahasha mkononi, na ndani ya bahasha kuna nakala za diplome: uhandisi wa madini, metalurjia, umeme, jiolojia, kemia ya viwandani. Wengine wamekuja hapo mwaka mzima. Wengine wamechoka kungoja na wamekwenda kuchimba kwa mikono pamoja na wale ambao hawakumaliza hata shule ya msingi.

Ukiwauliza wakubwa wa makampuni, watasema kwamba hawapati Wakongomani wenye ujuzi wanaoutaka, ndiyo maana wanaleta watu kutoka China, Afrika Kusini, Zambia na kwingineko. Ukiwauliza vijana, watasema kwamba wahandisi wapo, kinachokosekana ni mlango wa kuingilia. Maneno haya mawili yanaonekana kupingana, na kila upande unamwona mwingine kuwa mwongo. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zina sababu. Kongo inatoa diplome nyingi kuliko zamani, lakini diplome ni nusu tu ya mhandisi. Nusu ya pili ilikuwa ikipatikana kazini, mahali ambapo leo karibu pamefungwa.

Siku ya uhuru hakukuwa na hata mmoja

Ili kuelewa tulikotoka, turudi kwenye Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 kiwanda chake cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba. Kwa zaidi ya miaka 50 ilijenga migodi, reli, mabwawa ya umeme, hospitali na shule. Katika shule hizo mtoto wa mfanyakazi alifundishwa kusoma na kuandika, na aliyekuwa na akili ya mikono alipelekwa kujifunza ufundi: makanika, umeme, uchomeleaji, useremala. Palikuwa na mafundi hodari wa Kikongomani. Ila ngazi iliishia hapo. Kazi ya kupanga mgodi, kupiga hesabu ya jiwe na kuamua kiwanda kiendeshwe namna gani ilibaki ya Mbelgiji.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na kile cha Élisabethville, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), kilianza kufundisha mwaka 1956. Mwaka huohuo Thomas Kanza alimaliza masomo Louvain, Ubelgiji, na habari ikaenea nchi nzima, kwa sababu jambo hilo lilikuwa geni kabisa kwa Mkongomani ambaye si padri. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Hakukuwa na mhandisi hata mmoja kati yao.

Linganisha na jambo hili: mwaka 1959 Lovanium ilikuwa imewasha mtambo wa nyuklia wa utafiti, wa kwanza katika Afrika nzima. Nchi ikawa na mtambo wa nyuklia kabla ya kuwa na mhandisi wake mwenyewe. Kununua mashine kunachukua mwaka mmoja au miwili. Kumlea mtu wa kuielewa, kuitengeneza na kuibadilisha kunachukua zaidi ya miaka 15, ukihesabu kuanzia siku anapoingia darasa la kwanza.

Mwaka 1967 Union Minière ilitaifishwa na baadaye ikapewa jina la Gécamines. Bendera ilibadilika, lakini kwa miaka kadhaa kazi ya ufundi iliendelea kusimamiwa kwa mkataba na Wabelgiji. Kolwezi iliona hatari ya hali hiyo kwa macho yake mnamo Mei 1978, wakati wa vita. Ndani ya siku chache wageni wapatao 2,000 waliondolewa mjini kwa ndege, na pamoja nao ujuzi mwingi uliokuwa unaendesha migodi. Mji ambao maarifa yake yamo katika vichwa vya wageni unaweza kubaki mtupu ndani ya wiki moja.

Gécamines kama shule ya pili

Wazee wa Kolwezi na Likasi wanasema hadi leo kwamba Gécamines ilikuwa baba na mama. Wengi wanakumbuka mgao wa unga, hospitali na shule za watoto. Kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana: Gécamines ilikuwa pia shule ya pili ya mhandisi.

Kijana aliyetoka UNILU na diplome hakukabidhiwa kiwanda siku ya kwanza. Alianza chini ya wakubwa, akizunguka kutoka mgodi hadi kiwanda, akijifunza kwa fundi mzee aliyejua kutofautisha sauti ya pampu nzima na sauti ya pampu inayotaka kufa. Wengine walipelekwa ng'ambo kuongeza masomo. Kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, kwa hiyo nafasi ya kujifunza ilikuwepo. Mwaka 1986, Gécamines ilipotoa tani zipatazo 476,000 za shaba, wahandisi wengi wa Kikongomani walikuwa tayari wamepanda ngazi ambayo baba zao hawakuruhusiwa kuikanyaga.

Kisha yakaja maanguko. Mnamo Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapa Kolwezi, iliporomoka. Vipuri vikakosekana na pesa ikapotelea kwenye siasa. Katika mwaka 1992 na 1993 fujo za kikabila zilizifukuza kutoka Kolwezi na Likasi familia nyingi zenye asili ya Kasai, na katika familia hizo walikuwemo mafundi, walimu na wahandisi ambao kampuni iliwalea kwa miaka mingi. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000, yaani hata sehemu moja kwa kumi ya ule wa 1986 haikufikiwa kwa urahisi.

Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kazini. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Kila mmoja alipewa kiasi cha pesa na kwenda nyumbani. Mjadala uliofuata ulihusu pesa hizo, kama zilitosha au la, na ni haki kujadili hivyo. Lakini pamoja na watu hao 10,655 ulitoka pia ujuzi ambao haukuandikwa popote: mapango ya chini ya ardhi yanavyotulia, maji ya mvua yanakopitia, kosa gani lilifanyika mwaka fulani na likarekebishwa namna gani. Baba wa namna hiyo wapo bado katika kartiye zetu. Wengi wao hawajawahi kuitwa kufundisha hata kwa wiki moja.

Baada ya sheria ya madini ya 2002, makampuni mapya yalifika. Leo orodha ni ndefu: KCC na Mutanda za Glencore, Tenke Fungurume na Kisanfu za CMOC, Sicomines, COMMUS, Metalkol, Kamoa-Kakula. Yalileta mitaji mikubwa na viwanda vya kisasa. Yalileta pia timu zilizokamilika, watu waliokwisha kulelewa katika migodi ya nchi nyingine. Kwa kampuni inayotaka kuanza kuuza shaba haraka, hesabu hiyo inaeleweka. Kwa nchi, maana yake ni kwamba shule ya pili ilifungwa na hakuna aliyechukua nafasi yake.

Kinachokosekana darasani

Tuangalie kazi yenyewe. Katika viwanda vingi vya hapa jiwe linasagwa, kisha linalowekwa katika asidi ya salfa ili shaba itoke ndani yake. Maji hayo yenye shaba yanapitishwa kwenye kemikali inayoikamata shaba na kuacha uchafu mwingine. Mwishoni umeme unapitishwa katika mabeseni makubwa, na shaba safi inajishika juu ya mabamba hadi inakuwa katodi. Kobalti nayo inatolewa kwenye maji yanayobaki, na nyingi inauzwa nje ikiwa hidroksidi, unga ambao ndani yake kobalti yenyewe ni kama theluthi tu. Kazi ya kuisafisha kabisa inafanyika ng'ambo, hasa China.

Mwanafunzi wa metalurjia anaweza kuandika hatua hizi zote ubaoni bila kukosea na kupata alama nzuri. Lakini kama hajawahi kusimama mbele ya beseni hilo, kupima asidi, kuona katodi inaharibika na kutafuta sababu kabla zamu haijaisha, kampuni haitamwachia mtambo wa mamilioni ya dola. Chuo chenye maabara bila kemikali, au chenye mashine moja kwa wanafunzi mia, kinatoa watu wanaojua majina ya vitu. Maprofesa wenyewe wanalijua hilo. Migomo ya walimu wa vyuo vikuu, inayorudi karibu kila mwaka kwa sababu ya mishahara, inakula wiki za masomo, na wiki za kwanza kupotea ni zile za mazoezi.

Ndiyo maana staji ni neno zito kwa mwanafunzi wa Kolwezi. Bila staji ya kweli hamalizi masomo vizuri, na bila mtu anayemjua ndani ya kampuni hapati staji. Mtoto wa mfanyakazi anaingia, mtoto wa muuza makala anabaki nje na alama zake nzuri. Hata anayeingia, mara nyingi anawekwa ofisini kupanga karatasi, kisha anapewa muhuri. Haki isemwe: yapo makampuni yanayotoa bursari, yanayopokea vijana na kuwafundisha vizuri. Lakini jambo hilo linategemea wema wa kampuni, wakati lingepaswa kuwa wajibu unaohesabiwa.

Kuna pia pengo ambalo halizungumzwi sana, la mafundi wa kati. Mgodi mmoja unahitaji wahandisi wachache, na kwa kila mmoja wao unahitaji watu kadhaa wa kushika vifaa: fundi wa umeme wa viwandani, wa vipimo na mitambo ya kujiendesha, wa injini za dizeli, mtu wa maabara ya kemia, mpima ardhi. Shule kama Institut Technique Salama ya Wasalesiani huko Lubumbashi zimejenga jina kwa kulea watu wa aina hiyo, na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ipo tangu 1964. Ila wazazi wengi bado wanaona ufundi kama njia ya mtoto aliyeshindwa. Tunamsukuma kila mtu atafute shahada, kisha tunashangaa kuona fundi wa kurekebisha kifaa cha vipimo ametoka nchi nyingine.

Na kuna lugha. Mtoto wetu anasoma kwa Kifaransa. Kitabu cha mashine aliyokutana nayo kazini kimeandikwa kwa Kiingereza au Kichina, na mkuu wake wa zamu hajui Kifaransa. Mara nyingi anayepanda cheo ni yule anayeweza kuelewana na mkuu, hata kama si yeye anayeijua kazi zaidi.

Nani anahesabu akiba yetu?

Mtu anaweza kuuliza: kama kodi inalipwa, kuna shida gani mgeni akiendesha mtambo? Jibu limo katika mgogoro wa Tenke Fungurume, kilomita kadhaa mashariki ya Kolwezi.

Upande wa Kongo ulidai kwamba akiba ya madini iliyotangazwa na kampuni ilikuwa ndogo kuliko iliyomo ardhini, na kwamba kwa hiyo Gécamines, yenye asilimia 20 ya mgodi huo, ilikuwa inakosa malipo yake. CMOC ilikataa. Julai 2022 usafirishaji nje ulisimamishwa, na malori hayakuruhusiwa tena kupita. Aprili 2023 pande mbili zilikubaliana: CMOC italipa Gécamines dola milioni 800 kati ya 2023 na 2028, na gawio lisilopungua dola bilioni 1.2 katika maisha ya mradi.

Huo ni ugomvi wa dola bilioni 2, na kiini chake ni swali la kisayansi: kuna tani ngapi chini ya kilima kile? Wakili hawezi kulijibu, wala mbunge. Anayelijibu ni mwanajiolojia anayesoma vipande vya jiwe vilivyotolewa kwa kuchoronga, mtaalamu wa hesabu anayejua kugeuza vipande hivyo kuwa picha ya mlima mzima, na mkemia anayeweza kusema kwa uhakika kuna asilimia ngapi ya shaba. Nchi isiyo na watu hao upande wake wa meza inalazimika kuamini takwimu za yule inayebishana naye, au kukodi mtaalamu wa nje kwa bei kubwa.

Hali ni hiyohiyo kwa kila lori linalotoka. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoza mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa kobalti, ambayo serikali iliiweka kati ya madini ya kimkakati. Mrabaha huo unategemea uzito na ubora wa mzigo, na ubora unatoka maabara. Mkemia wa serikali ambaye hana vifaa, au ambaye mshahara wake haufiki, ni tundu ambalo pesa za jimbo zinapitia.

Usalama nao uko hivyo. Mei 2025 matetemeko ndani ya mgodi wa Kakula yalisimamisha kazi chini ya ardhi na maji yakajaa, na ikabidi pampu kubwa ziletwe kuyatoa. Februari mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka huko Zambia, bwawa la mabaki ya mgodi wa Sino-Metals lilipasuka na maji ya asidi yakaingia katika mto unaomwaga Kafue. Kolwezi imezungukwa na mabwawa ya namna hiyo. Kuyakagua ni kazi ya mhandisi wa maji na mtaalamu wa udongo, na inafaa mtu huyo awe analipwa na umma, kwa sababu watoto wanaokunywa maji ya upande wa chini ni wa umma.

Kazi za kesho zinahitaji nani

Tarehe 29 Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi makubaliano ya kujenga pamoja mnyororo wa betri za magari ya umeme. Wiki hizohizo kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kilizinduliwa UNILU, kikiungana na wenzake wa Zambia. Mwaka mmoja kabla, uchunguzi wa BloombergNEF ulikuwa umeonyesha kwamba kiwanda cha kutengeneza tani 10,000 za malighafi ya betri kingegharimu dola milioni 39 Kongo, wakati Marekani kingegharimu milioni 117.

Hesabu hiyo ilifurahisha wengi. Lakini kazi ya betri ni tofauti na ya mgodi. Mgodini kosa la asilimia moja linaweza kuvumilika, katika malighafi ya betri chembe ndogo sana ya uchafu inaharibu mzigo mzima. Hapo anatakiwa mkemia aliyezoea usafi wa kiwango cha juu, mhandisi wa mitambo ya kujiendesha, mtu wa kompyuta, mtu wa kupima ubora usiku na mchana. Na unatakiwa umeme usiokatika. Waya mkubwa wa umeme kutoka Inga, wenye urefu wa kilomita 1,700, unaishia hapa Kolwezi tangu 1982. Bwawa la Nzilo, lile la Nseke na lile jipya la Busanga yako kwenye mto wetu wa Lualaba. Hata hivyo makampuni yanaendelea kulalamika kuhusu umeme, na kartiye nyingi zinalala gizani. Hiyo pia ni kazi inayongoja wahandisi.

Serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje mnamo Februari 2025, kisha kuanzia Oktoba ikaweka kiwango maalum kwa kila kampuni. Nia ilikuwa kuinua bei. Lakini kama tutauza tani chache zaidi, njia pekee ya kubaki na faida ya kudumu ni kila tani iondoke ikiwa na kazi nyingi zaidi ndani yake. Dalili zipo kwamba inawezekana. Huko Lubumbashi kampuni ya STL, mali ya Gécamines, inachakata mlima wa mabaki ulioachwa tangu enzi za Wabelgiji, na Oktoba 2024 ilianza kuuza nje jeraniamu iliyotolewa humo, madini adimu yanayotumika katika vifaa vya elektroniki. Kile ambacho mababu waliambiwa ni takataka kimekuwa mali, kwa sababu mtu alijua kemia.

Vipaji si tatizo letu. Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi aliyesomea ISTA Kinshasa, alibuni na wenzake roboti za kuongoza magari zilizosimama barabarani tangu 2013, na baadaye Lubumbashi nayo ikapata. Sandrine Mubenga, aliyekulia Kongo na kuwa profesa wa uhandisi wa umeme Marekani, alirudi kuongoza mamlaka ya kudhibiti umeme nchini. Wote wawili ni wanawake, jambo la kukumbukwa na kila baba anayemwambia binti yake kwamba hesabu ni ya wavulana.

Mhandisi wa 2036 yuko darasani sasa

Masomo ya bure katika shule za msingi za serikali yalianza Septemba 2019. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka huo watamaliza darasa la nane mwaka 2027, na ndipo watakapochagua njia ya miaka minne inayofuata. Watafanya mtihani wa serikali mwaka 2031. Atakayekwenda uhandisi atasoma miaka 5 mingine. Kwa hiyo mhandisi wa kwanza wa kizazi cha masomo ya bure atatoka mwaka 2036, ikiwa hakutakuwa na mwaka uliopotea.

Hesabu hiyo inatuambia lini mlango utafunguka au kufungwa: mwaka 2027. Baada ya shule ya msingi mzazi analipa tena. Shule nyingi zina njia ya ualimu au ya biashara, kwa sababu hizo zinataka ubao na chaki tu. Njia ya hesabu na fizikia, au ya biolojia na kemia, inataka mwalimu aliyesomea somo hilo, na angalau meza moja ya majaribio. Mwalimu mzuri wa fizikia katika Kolwezi ana kishawishi kikubwa: kampuni ya madini, hata kwa kazi ndogo ya stoo, inaweza kumlipa zaidi ya shule. Kwa namna hiyo mgodi unakula mbegu ya wahandisi wake wa kesho.

Chile, inayotutangulia kwa shaba, ilifungua shule ya madini katika mji wa Copiapó mwaka 1857. Ilitaifisha migodi yake mikubwa mwaka 1971, na kufikia wakati huo ilikuwa na vizazi vya wahandisi wake wenyewe wa kuikabidhi. Sisi tulitaifisha kwanza, tukaanza kulea watu baadaye.

Kinachoweza kufanyika bila kungoja Kinshasa

Pesa si kisingizio kamili. Kwa sheria ya 2018, mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 maeneo ambako mgodi upo, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kila kampuni inatakiwa pia kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Pesa hizo zimejenga kuta za madarasa mengi, na kuta zinahitajika. Lakini darasa la kemia lenye rangi mpya na kabati tupu bado ni chumba tu. Kamati za jamii zinazokaa na makampuni zinaweza kudai vifaa vya maabara, nyongeza ya mshahara kwa walimu wa sayansi, na nafasi za staji zenye idadi iliyoandikwa.

Jimbo linaweza kuzitaka kampuni zitangaze kila mwaka mambo matatu: zimepokea vijana wangapi wa staji na kutoka vyuo gani, wangapi wameajiriwa, na nafasi zipi za juu bado zinashikwa na wageni, tangu lini, na Mkongomani gani anaandaliwa kuzichukua. Sheria ya kazi tayari inaweka kikomo cha wageni. Bila hesabu inayosomwa hadharani, kikomo hicho kinabaki karatasini. Hesabu hiyo ingewalinda hata wakubwa waaminifu dhidi ya tuhuma, zinazosikika kila siku, kwamba kazi zinauzwa au zinagawanywa kwa ndugu.

Vyuo navyo vina sehemu yao. UNILU, Chuo Kikuu cha Kolwezi na taasisi za ufundi vinaweza kuwaita wastaafu wa Gécamines wafundishe mazoezi, kabla ujuzi wao haujazikwa nao. Vinaweza kufundisha Kiingereza cha kazini kuanzia mwaka wa kwanza. Vinaweza kukataa kutoa muhuri wa staji kwa mwanafunzi ambaye hakugusa kitu.

Je, Kongo inafundisha wanasayansi na wahandisi wa kutosha? Kwa diplome peke yake, ukihesabu bahasha zilizo mbele ya lango, unaweza kudhani wamezidi. Kwa watu wanaoweza kuendesha kiwanda usiku bila mgeni pembeni, kupima akiba ya mlima na kubishana nayo mezani, kukagua bwawa na kusema "hapa hapafai", hawatoshi, na hawatatosha kama shule ya pili haitafunguliwa upya.

Shaba haioti tena baada ya kuchimbwa. Kila mgodi wa Lualaba una mwaka wake wa mwisho, na siku hiyo kampuni itafunga mitambo na kwenda kwingine. Kitakachobaki ni mashimo, mabwawa ya mabaki, na watu. Kama watu hao watakuwa wamejifunza kazi, watajua la kufanya na mashimo na mabwawa hayo, na wataweza kutengeneza kitu kingine. Wanaoamua hilo ni wazazi, walimu, kamati na wakuu wa jimbo, na mwaka 2027 hauko mbali.